Kutafuta Intaneti Bado Kunalipa? Nimejaribu kwa Maswali ya Kwetu Kusini

Habari zenu ndugu zangu, wa Mtwara, wa Lindi, na ninyi mnaotutazama kutoka mbali. Nipo nyumbani Mikindani, barazani, na leo mezani hakuna simu mpya wala spika. Leo nachambua kitu ambacho kila mmoja wenu anacho na hakuna aliyekinunua: kile kisanduku cha kutafutia kinachokaa juu ya kioo cha simu. Unaandika swali, unapata jibu. Kwa wengi wetu kisanduku hicho ni Google, na tumeizoea mpaka tumeigeuza kitenzi. Mtu akibishana na mwenzake kijiweni utasikia, "Hebu igugo hapo."

Nataka kujua kama bado kinatufaa. Na wasiwasi wangu haukuanzia kwenye kompyuta, ulianzia shambani kwa mjomba wangu, Tandahimba.

Nilikwenda kumsalimia mwezi wa saba. Mikorosho imeanza kutoa maua, na kwenye maua kuna kile kiunga cheupe, ubwiri unga. Mnaotoka kwenye korosho mnaujua. Usipouwahi, maua yanakauka na mwaka wako umekwisha hapo hapo. Mjomba alikuwa na mfuko wake wa salfa, ameununua kwa shida, akaniuliza jambo dogo tu: akishapuliza mara ya kwanza, arudie baada ya siku ngapi? Nikamwambia subiri mjomba, nakutafutia.

Nikaandika swali kwa Kiswahili. Juu kabisa ukaja muhtasari, Kiswahili kimenyooka, umepangwa vizuri: changanya salfa na maji, gramu kadhaa kwa lita kadhaa, nyunyizia majani. Nikaanza kumsomea. Sikufika mbali. Mjomba akanyoosha mkono, akashika ule mfuko, akasema, "Mjomba, hii si ya maji."

Na ni kweli. Salfa ile ni ya vumbi. Inapulizwa na mashine alfajiri, umande bado upo na upepo umetulia, ili vumbi linate kwenye maua. Ukiitia kwenye maji haiyeyuki. Nikabonyeza kile kiungo kidogo pembeni, nikakuta jibu limetolewa kwenye ukurasa unaozungumzia mizabibu. Nayo mizabibu ina ugonjwa wake wa unga mweupe, na ina salfa yake ya kuchanganya na maji. Maneno yanafanana, zao si hilo, dawa si hiyo. Mjomba wangu ana miaka thelathini na zaidi kwenye mikorosho, kwa hiyo hakudhurika. Sasa fikiria kijana aliyerithi ekari tatu mwaka huu, hana wa kumuuliza ila simu yake. Huyo angeimwaga hela yake kwenye ndoo ya maji.

Sitasema ni injini gani ya kutafutia iliyonipa jibu hilo. Niliporudi nyumbani nililirudia swali lile lile kwenye injini tatu tofauti, simu ile ile, bando lile lile, na mbili zilitumbukia shimo moja. Ndipo nikaamua kufanya jaribio kamili, kwa maswali ambayo watu wa huku wanauliza kweli, kwa maneno wanayoyatumia wenyewe.

Nikaanza na bei ya korosho. Jamani, hapa nilichoka. Kurasa zimejaa, tena vichwa vya habari vimeandikwa mwaka huu huu. Unafungua: korosho ni zao la biashara, korosho ina faida kumi mwilini, korosho hulimwa Mtwara, Lindi na Ruvuma. Unateremka. Tangazo. Unateremka tena. Tangazo la mkopo. Chini kabisa: "bei hutegemea soko na ubora." Bei yenyewe haipo! Kuna wanaobadilisha mwaka kwenye kichwa cha habari kila msimu, ndani hawagusi kitu. Ukurasa mmoja ulikuwa na bei kweli, shilingi 3,300 kwa kilo, nikafurahi, kumbe ni ile ya mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe. Mkulima akienda na bei hiyo kichwani, mtu wa kangomba, yule mlanguzi wa korosho, anaweza kumlaghai kwa juu au kwa chini, vyovyote atakavyo.

Na hili si tatizo la korosho peke yake. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vya Leipzig na Weimar, Ujerumani, walichapisha utafiti wao. Walifuatilia maswali 7,392 ya watu wanaotafuta uchambuzi wa bidhaa, kwa muda wa mwaka mzima, kwenye Google, Bing na DuckDuckGo. Wakakuta kwamba kurasa zinazopanda juu, kwa wastani, ndizo zilizopambwa zaidi ili kuzivutia injini, zimejaa zaidi viungo vya kuuza vitu, na maandishi yake yana dalili za ubora mdogo. Kila injini ikijirekebisha, mambo yanatulia kidogo, halafu waandishi wa kurasa hizo wanarudi na mbinu mpya. Niliposoma hayo nilizikumbuka kurasa zangu za korosho. Ni ugonjwa ule ule.

Swali la barabara nitalipitia haraka. Mnakumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilipokatika pale Somanga na abiria wakalala njiani. Tangu hapo kila mvua kubwa watu wanauliza, Somanga inapitika? Nimeuliza hivyo hivyo. Habari za 2024 zikaja juu, picha za 2024, bila kunionya kwamba ni za zamani. Nilimpigia utingo mmoja wa basi, nikapata jibu kwa dakika moja.

Lakini sikuja hapa kuponda tu. Niliuliza kuhusu mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria. Zote tatu zilinipeleka pazuri: mifupa iliyochimbwa na Wajerumani huko Lindi kati ya 1909 na 1913, na ule mjusi mkubwa wenye kimo cha zaidi ya mita 13 uliosimamishwa kwenye makumbusho Berlin mpaka leo. Vyanzo vizuri, picha nzuri, na Kiswahili kipo. Mtoto wa shule Nachingwea anaweza kuandika insha yake bila shida. Niliuliza njia ya kufika Ndanda, nikapata. Niliuliza simu ya aina fulani inachaji kwa kiasi gani, nikapata. Na mama yangu, ambaye kuandika kwenye kioo kunamsumbua, anabonyeza maikrofoni na kusema kwa Kiswahili chake. Google waliongeza Kiswahili kwenye utafutaji wa sauti mwaka 2017, na kwangu hilo ni jambo la kuwashukuru hadi leo.

Kwa hiyo mnaona picha inavyojitokeza. Kitu kinachojulikana, kilichokwisha kuandikwa na watu wenye ujuzi, ambacho hakibadiliki, unakipata. Kitu cha juzi, cha mahali padogo, chenye hela ndani yake, hapo ndipo injini inapoteleza. Na kwa bahati mbaya, sisi huku maswali yetu mengi ni ya aina hiyo ya pili.

Kwa nini imekuwa hivi? Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana sehemu hii ndiyo inayoniuma.

Google ilianzishwa mwaka 1998 na vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Wazo lao lilikuwa zuri sana. Walisema ukurasa ukielekezwa na kurasa nyingine nyingi, na hasa zenye heshima, basi huo una thamani. Ni kama kijijini: unamtafuta fundi, watu wa maana watatu wanakutajia jina moja, unakwenda kwa huyo. Na katika andiko lao la mwaka huo huo waliandika wenyewe kwamba injini inayoishi kwa matangazo itaelemea upande wa wanaotangaza na kuwaacha wanaotafuta. Waliliona mapema. Miaka miwili baadaye, 2000, walianza kuuza matangazo.

Sasa njoo Agosti 2024. Jaji Amit Mehta, Marekani, aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Mwaka 2021 peke yake ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe ndiyo injini inayokuja tayari kwenye simu na vivinjari. Ndiyo maana nilisema mwanzo, kisanduku hiki hakuna aliyekinunua. Umenunua simu yako pale Chikongola, umeiwasha, umekikuta. Na kwenye hukumu ile ile kuna jambo ambalo ningependa kila mtu alisikie: mwaka 2020 Google ilifanya uchunguzi wake wa ndani, ikaona kwamba hata ubora wa majibu ukishushwa kwa kiasi kikubwa, mapato ya utafutaji hayatapungua. Muuza samaki wa feri ya Msangamkuu akiuza samaki waliochina leo, kesho hana mteja. Huyu mwingine amejua kwamba mteja atarudi tu, kwa sababu hajui kama kuna meza nyingine. Septemba 2025 jaji huyo aliikataza kufanya mikataba ya kuwafungia wengine nje na kuiagiza ishirikishe washindani baadhi ya takwimu zake, ila hakuigawanya. Tutaona.

Juu ya hayo ikaja akili mnemba, yaani AI. Mei 2024 Google ilianza kuwawekea Wamarekani muhtasari juu ya matokeo, na siku chache tu baadaye ukawa unamshauri mtu atie gundi kwenye piza, ushauri uliotoka kwenye utani wa mtandaoni. Mihtasari ya aina hii hukusanya maneno yanayokaribiana na kuyaunganisha, yanatoka sentensi nzuri. Haijawahi kushika salfa. Zamani jibu baya lilikuwa na sura mbaya, ukurasa umekaa hovyo, unashtuka mwenyewe. Sasa jibu baya na jibu zuri yamevaa kanzu moja, na kiungo cha chanzo kimekuwa kidogo kiasi kwamba watu wengi hawakibonyezi.

Na wasipokibonyeza, yule aliyeandika kwa jasho lake hapati msomaji, anaacha kuandika. Kesho muhtasari utakusanya kutoka wapi?

Lakini nataka kuwa mkweli kwenu: sehemu ya lawama ni yetu. Bei ya mnada ikitoka, inatangazwa wapi? Kwenye kundi la WhatsApp la chama cha msingi, ndani ya saa moja, picha ya karatasi iliyopigwa upande upande. Maarifa ya bwana shamba yapo kwenye ujumbe wa sauti. Injini haiwezi kuingia humo. Makundi yale yamefungwa, na hata yangekuwa wazi, picha yenye kivuli cha mkono na sauti yenye kelele za bodaboda hazisomeki kirahisi. Tumeyafungia maarifa yetu chumbani, halafu mtandao wazi tumewaachia wanaobadilisha mwaka kwenye kichwa cha habari.

Sasa wewe ufanye nini na kisanduku chako leo? Kuna njia nazitumia kila siku. Unapotafuta jambo la Serikali, matokeo ya mtihani, tangazo la ajira, mwongozo wa zao, andika swali lako kisha malizia na site, nukta pacha, go.tz, bila kuacha nafasi. Hapo matokeo yote yanatoka kwenye tovuti za Serikali, zile kurasa za kubadilisha mwaka zote zinaondoka. Ukitaka mwongozo uliochapishwa, malizia na filetype, nukta pacha, pdf. Nilipofanya hivyo kwa ubwiri unga, nikiongeza jina Naliendele, kituo chetu cha utafiti wa korosho hapa Mtwara, nilipata kijitabu ambacho mjomba alikisoma mwanzo mwisho na kukubali. Kilikuwepo muda wote! Maneno yanayokwenda pamoja yafunge ndani ya alama za kunukuu. Na kwenye Google, ukibonyeza sehemu ya vichujio ukachagua "Wavuti", au "Web" kama simu yako ipo kwa Kiingereza, muhtasari unatoka, unabaki na viungo vitupu kama zamani. Mimi sasa naanzia hapo.

Alama zangu: kwa kutafuta mahali, jina, historia, nyaraka, naipa nane kwa kumi. Kwa bei, dawa, mkopo, na chochote ambacho ukikosea utalipa, naipa tatu, na hizo tatu ni kwa ajili ya wanaojua njia nilizosema sasa hivi. Usifanye uamuzi wa shamba au wa mwili wako kwa muhtasari wa juu. Fungua chanzo, angalia ni zao gani, nchi gani, tarehe gani.

Na nina ombi kwa mliomo kwenye vyama vya msingi, Newala, Masasi, Ruangwa, Liwale, popote. Msimu huu mnada ukiisha, usiishie kupiga picha ile karatasi. Njoo hapa chini ya video, andika kwa maandishi: tarehe, wilaya, daraja, bei ya juu, bei ya chini. Mimi nitayakusanya kila wiki kwenye ukurasa mmoja ulio wazi, bila matangazo, na tarehe itakaa mstari wa kwanza. Mjomba amesema atanisomea za Tandahimba mwenyewe.