Kasha la bei nafuu la kompyuta ya mezani: lipi la kuchukua Kisumu na Nakuru

Kasha ambalo wauzaji hutanguliza kuonyesha ni lile lenye kioo mbele na feni za taa za rangi. Lipite kwanza, utafute hewa. Mchana wa Kisumu hukaribia nyuzi 30, na feni haiwezi kupoza vifaa chini ya joto la chumba. Inachoweza ni kuisukuma nje hewa moto ya ndani.

La kwanza kwetu ni kasha la micro-ATX (saizi ndogo ya madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta) lenye wavu mbele, linalouzwa bila pawa saplai, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme. Linabeba madabodi ya hadi milimita 244 kwa 244, na hiyo humtosha mtu wa ofisi, mwanafunzi na hata mchezaji wa gemu. Mengi huja na feni moja tu nyuma. Ongeza mbili za milimita 120 mbele: feni za kuingiza zikizidi za kutoa, hewa husukumwa nje kupitia nyufa, na vumbi hulazimika kupita kwenye chujio. Chujio hilo lazima litoke bila bisibisi, kwa sababu kiangazi cha Nakuru kitakulazimu kuliosha mara kwa mara. Likaushe kabisa kabla ya kulirudisha.

Pima kabla ya kulipa. Kipozaji kirefu cha prosesa huhitaji karibu milimita 160 hadi kwenye ubavu wa kasha, na feni ya mbele hula milimita 25 za nafasi ya kadi ya grafiki.

La pili ni kasha la ATX, saizi kubwa kuliko micro-ATX, lenye wavu. Lichukue tu kama madabodi yako ni ya milimita 305.

La tatu ni la mtumba. Bati lake mara nyingi ni nene na halipigi kelele feni zikizunguka. Hatari iko kwa yale ya kompyuta za ofisi za Dell na HP: mengi yana pawa saplai na matundu ya skrubu ya umbo lao wenyewe. Nenda na futi ya kupimia. Tundu la pawa saplai ya kawaida ni milimita 150 kwa 86.

Kioo mbele kinashika nafasi ya nne. Hewa huingia kwa ufa mwembamba pembeni, na karibu na ziwa taa zile huita wadudu usiku.

La mwisho kabisa ni kasha linalouzwa pamoja na pawa saplai. Soma kibandiko: zidisha 12 kwa ampea za laini ya volti 12. Kikisema wati 500 lakini ampea ni 15, unapata wati 180 tu kwenye laini inayolisha prosesa na kadi ya grafiki. Pawa saplai hiyo ikiungua, inaweza kuondoka na madabodi.

Ukiwa bado dukani, bonyeza ubavu wa kasha. Ukibonyea kwa kidole, bati ni jepesi mno. Hesabu vinguzo vya shaba vya kushikilia madabodi, na wakati wa kufunga ng'oa kila kinguzo kisichokutana na tundu la skrubu, maana kikigusa mgongo wa madabodi husababisha shoti. Kama unaagiza kutoka Nairobi kwa basi, omba ubavu wa kioo ufungwe peke yake kwa sponji.