Agostini au Rossi: nani zaidi?

Kwa mataji ya mbio za pikipiki, Giacomo Agostini yuko juu: ubingwa wa dunia mara 15 na ushindi 122, dhidi ya 9 na 115 za Valentino Rossi. Ila Agostini alikimbia madaraja mawili kwa msimu, ya injini za cc 350 na 500, na mara nyingi pikipiki yake ya MV Agusta iliwaacha wengine mbali.

Kwa upinzani, namkubali Rossi. Mwaka 2004 aliihama Honda iliyokuwa ikitamba, akaenda Yamaha, na mbio za kwanza tu, Welkom, Afrika Kusini, akambwaga mpinzani wake Biaggi. Kisha akaegesha pikipiki pembeni, akaketi chini kando yake. Hadi leo hunisisimua.

Kwa hatari, Agostini: katika mbio za kisiwa cha Isle of Man alipita katikati ya kuta za mawe, hadi mwendesha pikipiki mwenzake Parlotti alipofariki huko 1972, naye akasusa.

Kama kwako rekodi ndiyo kipimo, chukua Agostini. Kama ni vita vya kona ya mwisho, Rossi.