Uwanja wa watoto nyuma ya nyumba, na meneja aliyemtaka baba watoto

Kama unaishi Utawala, Ruai au popote Nairobi penye ule udongo mweusi unaonata, na unataka kutengenezewa sehemu ya michezo nyuma ya nyumba, soma hapa kabla hujatuma hata shilingi.

Kampuni siitaji jina kwa sababu bado tunavutana. Nimewapa nyota 2.

Ploti yetu ni futi hamsini kwa mia na nyumba imeshakula kipande kikubwa. Nyuma nilitaka sakafu ya saruji yenye ringi ya mpira wa kikapu, nguzo mbili za kuchomoa kwa ajili ya neti ya badmintoni, na upande wa nyasi ambapo wadogo watacheza mchezo wa kati na kuruka kamba bila kugongwa na mipira ya kaka zao. Tena nikiwa jikoni nione kila kona. Hayo waliyasikia, na haki yao nawapa: mpangilio ni mzuri. Ringi inapanda na kushuka, kwa hiyo kifungua mimba wangu anarusha kwenye mita 3.05 za watu wazima, na mdogo wake tunamshushia hadi 2.60, akifunga unasikia kelele mpaka barabarani. Yule mama waliyemleta kupanda nyasi alifanya kazi safi. Alipanda, akanionyesha jinsi ya kumwagilia, akawaambia watoto wasikanyage mpaka mizizi ishike, na walimtii kuliko wanavyonitii mimi.

Basi tuje kwa meneja.

Siku aliyokuja kupima nilimuuliza jambo moja: maji yatakwenda wapi? Sakafu ya nje lazima iteremke kidogo, kama sentimita 1 kwa kila mita, ili maji yasituame. Na udongo wetu kila mtu wa huku anaujua. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukimwaga saruji juu yake bila kuuondoa na kujaza mawe na maramu iliyoshindiliwa vizuri, udongo utainua hiyo saruji upende usipende. Nikamwambia yote hayo, kwa adabu, nikimwita bwana meneja.

Akanitazama, akatazama nyumba, akasema: "Mama, hayo ya maji tuachie sisi. Kwani baba watoto yuko wapi, nimweleze yeye?"

Mbele ya watoto wangu. Baba yao yuko kazini Mombasa, na hata angekuwa amekaa pale sebuleni, mkataba una jina langu na pesa zilitoka kwenye simu yangu. Kila malipo walipokea haraka, hakuna hata mara moja waliyouliza mwenye laini ni mwanamke au mwanamume. Jioni ile binti yangu akaniuliza, "Mama, mambo ya maji ni ya wanaume?" Nilimjibu. Lakini hasira niliyolala nayo sijaimaliza hadi leo.

Mvua ya masika ikaja. Kufikia wiki ya pili pale chini ya ringi palikuwa na dimbwi, na pale ndipo watoto wanapotua wakiruka. Kisha sakafu ikainuka upande wa ukuta, ufa ukatoka kwenye nguzo ya ringi ukaenda mpaka karibu na nyasi. Kijana wa kikapu akikimbia anajikwaa kwenye ule ukingo. Nguzo moja ya badmintoni haiingii tena kwenye tundu lake, maana tundu limepinda.

Nikampigia meneja. Alivyonijibu: "Hiyo ni mvua ya Mungu, mama, sasa mimi nifanyeje?"

Mvua ya Mungu! Mji huu uliona mafuriko ya 2024, Mathare watu walipoteza nyumba na jamaa zao, halafu mtu anayekula kwa ujenzi Nairobi anaiita mvua jambo asiloweza kulipangia? Na si kwamba walishindwa. Fundi mmoja, kijana mwenye heshima, alirudi kuchukua vifaa vyake, nikamuuliza walichimba kina gani. Akainamisha kichwa: "Mama, tuliambiwa tuparue tu majani ya juu." Maramu iliyokuwa kwenye hesabu niliyolipia haikufika hata nusu. Kwa hiyo swali langu lilikuwa na jibu siku ile ile, na alilijua.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuacha zile nyota 2, kwa sababu ya ringi na nyasi, na kwa sababu watoto, hata na ufa huo, hawatoki huko nyuma. Simu na runinga vimesahaulika. Ningeweza kusema kampuni ni nzuri ila meneja ndiye mbaya. Lakini meneja ndiye aliyepima, ndiye aliyeamua kina, ndiye anayepokea simu. Nashusha hadi 1, na hiyo 1 ni ya mama wa nyasi na yule fundi kijana. Ukiwapata hao wawili nje ya kampuni, wape kazi bila wasiwasi.

Kuna salio la mwisho ambalo wananidai na wananitumia ujumbe kila siku. Litatoka siku watakapovunja ule upande ulioinuka, wauondoe udongo mweusi wote, wajaze maramu niliyokwisha kulipia, wamwage upya kwa mteremko, na tumwage ndoo kadhaa za maji juu yake tuone yanaelekea wapi. Na meneja aje mwenyewe. Binti yangu atakuwepo, na atamuuliza yeye.