Msumeno wa kuvuta: miezi 14 juu ya miembe ya Malindi

Assalamu alaikum ndugu zangu, karibuni. Leo niko Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, chini ya mwembe wa ngowe. Mwenyewe ameshavuna, kaniita niupogoe kabla masika hayajaingia. Nimeona nisifanye kazi hii peke yangu, niifanye pamoja nanyi, maana wengi mmeniuliza kuhusu chombo hiki. Mpwa wangu, sogeza kamera. Karibu zaidi. Hapo hapo.

Huu ni msumeno wa mkono wa Kijapani. Bapa lake lina sentimita 33 na limepinda kidogo kama jambia. Nimeununua kwa pesa zangu, na kiwanda sikitaji kwa sababu misumeno ya aina hii hutengenezwa na viwanda vingi. Ninachotaka mtazame ni meno. Mnaona yanavyoelekea mpini? Msumeno wa seremala tuliouzoea hukata unaposukuma. Huu hukata unapovuta. Bapa likivutwa hunyooka lenyewe kama uzi, ndiyo maana wameweza kulifanya jembamba, na bapa jembamba halina mbao nyingi ya kutafuna. Ukiwa chini unaweza kusema ah, ni msumeno tu. Panda juu mita nane, mguu mmoja kwenye panda ya mti, ndipo utanielewa. Ukisukuma, mwili unaondoka mtini. Ukivuta, unarudi mtini.

Sisi tumekulia na panga. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa mwembe wa mama mmoja, mti uliopandwa na babu yake. Nikapanda na panga langu, nikalipiga tawi nene kutoka juu, paa, paa, paa. Kabla sijalimaliza likaelemewa na uzito wake, likavunjika, likashuka na gome la shina urefu wa mkono mzima. Yule mama hakusema neno, akanilipa. Miaka mitatu baadaye nilirudi, nikaligonga shina pale penye kidonda, likalia kama ngoma. Lilikuwa limeoza ndani. Naumia kila nikilikumbuka, na ndiyo sababu nalieleza hili polepole.

Tazameni tawi hili, unene wake kama wa paja la mtoto. Mkato wa kwanza nauanzia chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, naingia robo au theluthi ya unene wake. Nasimama hapo, nikizidi msumeno utabanwa. Mkato wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, kuelekea ncha. Jamani, tokeni chini! ... Mmeona? Limekwenda lote, na gome halikuchanika, kwa sababu mkato wa chini umelizuia. Sasa kimebaki kisiki kifupi. Hiki hakina uzito wa kuvunja kitu, nakikata kwa utulivu.

Nakikata wapi? Leta kamera kwenye maungio. Pale tawi linapotoka shinani pana uvimbe, ngozi imekunjamana. Mimi napaita ukosi wa tawi. Ukosi huo ni mali ya shina, si ya tawi. Ukiukata ukalisawazisha shina liwe laini kama ukuta, umeondoa sehemu yenyewe ambayo mti huitumia kufunga kidonda. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na uozo utafuata njia hiyo kuingia ndani. Kata nje kidogo ya uvimbe, basi. Bapa lililopinda hapa linanisaidia sana, linaingia kwenye kona ambayo panga haliwezi kufika.

Na tafadhali, acheni kupaka oili chafu, lami na rangi kwenye kidonda. Najua mwenye shamba hufurahi akiona umepaka, huona kazi imekamilika. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua miti mingi kwa msumeno kutazama uozo unavyotembea ndani yake, na mwaka 1977 yeye na mwenzake wakaeleza kwamba mti hauponi kama ngozi yetu. Unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyoumia, unaizingira, kisha unaota mbao mpya juu yake. Rangi haizuii uozo, na unyevu ukinaswa chini yake ndio kuvu wanavyopenda.

Turudi kwa msumeno, maana na kasoro zake nazitaja. Meno yake yamepitishwa kwenye joto kali yakawa magumu mno, tupa ya kawaida haiyanoi. Yakiisha makali unanunua bapa jipya, na bapa si rahisi kupatikana hapa kwetu. Langu la akiba nililetewa na jamaa kutoka ng'ambo. Pia ukiusukuma kwa nguvu kwa mazoea ya zamani, bapa linaweza kupinda au kukatika. Vuta kwa urefu wote, rudisha bila kukandamiza. Na ni mkali kupita unavyodhani. Mkono unaoshika tawi uwe mbali na mkato, kwani ukiteleza unakuja kwako.

Hewa ya bahari mnaijua. Kila jioni naufuta utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, naukausha, napaka mafuta mepesi. Siurudishi kwenye ala ukiwa na maji. Nikitoka mti mmoja kwenda mwingine naupangusa kwa spiriti ya asilimia 70, nisibebe ugonjwa. Ngozi yako nayo itunze: utomvu wa mwembe huchoma, na wa mkorosho ni ndugu yake. Vaa mikono mirefu. Ukikurukia, jioshe mara moja kwa maji na sabuni.

Jambo moja nataka mlishike hata kama msumeno hamnunui. Msikate mkiwa juu ya ngazi. Tawi likianguka hupiga ngazi, au lile lililobaki huruka juu kwa kupunguziwa uzito, na ngazi iliyoliegemea inakosa pa kushika. Nikiwa juu nina mkanda na kamba kuu, na wakati wa kukata naongeza kamba fupi ya pili inayozunguka shina, kwa sababu msumeno huu ukigusa kamba iliyokazwa huimaliza kwa mvuto mmoja. Helmeti yangu ina ugwe wa kidevuni. Na mti ukigusana na waya za umeme siupandi hata nikiongezwa pesa, mpaka wenye umeme waje wauzime.

Kwa wagema: msumeno huu si wa minazi. Mnazi hauna uwezo wa kufunga kidonda cha shina, kila kidato unachouchonga unabaki nacho maisha yake yote. Makuti mabichi yaacheni, ndiyo yanayoulisha. Shaha, ule moyo laini wa kileleni, likikatwa mnazi umekwenda.

Basi, ninunue? Kama unapogoa mara moja kwa mwaka kwenye boma lako, azima. Kama hii ndiyo riziki yako, miembe, mikorosho, miarobaini, nunua, na siku hiyo hiyo nunua bapa la pili. Matawi yanayozidi unene wa sentimita 15 waachie wenye pawa so, ila mkato wa ukosi waambie wakuachie wewe.

Mpwa wangu, nipe kamba. Yamebaki matawi mawili na upepo unaanza kuamka.