Salad ya kupima Nairobi: mashine ni nzuri, swali ni kilicho ndani ya tangi

ATM za mafuta, yaani mashine zinazouza salad (mafuta ya kupikia) kwa kipimo, zimejaa madukani Kayole, Umoja, Kawangware na mitaa mingine ya Nairobi. Unabonyeza shilingi 20 au 50, bomba linamimina, unaenda kupika. Huduma hii inastahili sifa, kwa sababu anayelipwa kwa siku anapata mafuta ya siku bila kulazimika kununua lita nzima. Tatizo ni kwamba salad ikishatolewa kwenye jerikani ya lita 20 inaachana na lebo yake, na kwa macho tu huwezi kujua umenunua nini.

Kwa kawaida ni mafuta ya mawese, ile sehemu yake ya majimaji inayoitwa oleini. Kila molekuli ni trigliseridi: gliseroli moja iliyoshikilia asidi tatu za mafuta, kama uma wa meno matatu. Asidi iliyoshiba haidrojeni, mfano palmitiki, imenyooka, hivyo hujipanga na wenzake kama kuni kwenye mzigo na kuganda upesi. Isiyoshiba ina kona katikati, haipangiki vizuri, inabaki majimaji. Oleini ya mawese ina palmitiki karibu asilimia 40, oleiki (yenye kona moja) zaidi kidogo ya hapo, na linoleiki (yenye kona mbili) kama asilimia 11. Kwenye alizeti ya kawaida linoleiki peke yake hupita nusu, na asidi zote zilizoshiba ni kama asilimia 11 tu.

Ndiyo maana Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, salad hufanya ukungu mweupe na machicha laini chini ya chupa. Wengi hudhani imechanganywa na nta au imeoza. Haijaoza. Ni zile trigliseridi zilizoshiba zinazoganda kwanza. Simamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi na ukungu utayeyuka. Kosa kubwa liko kwenye tangi lenyewe: machicha hutuama chini, na bomba linavuta kutoka hukohuko chini. Mteja wa saa kumi na mbili asubuhi anachukua mafuta mazito, yaliyoshiba kuliko ya mteja wa saa nane mchana. Muuzaji makini hukoroga kabla ya kuanza kuuza, na haweki tangi karibu na mlango unaopitisha baridi.

Baridi hiyo hiyo hupunguza kipimo. Mafuta baridi ni mazito, na mashine inayohesabu sekunde za pampu badala ya ujazo halisi itatoa pungufu bila mtu kuichezea. Tangi likikaribia kuisha, pampu huvuta hewa na bomba hutema povu, na povu hilo umelilipia. Kuhakikisha ni rahisi: weka chupa tupu kwenye mizani ya jikoni, rudisha namba kwenye sifuri, kisha jaza. Mililita 100 za mafuta ni kama gramu 91, si 100, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Ukipata 80, mwambie muuzaji asawazishe mashine. Angalia pia kama ina muhuri wa wakaguzi wa vipimo na mizani; sheria inautaka.

Duka likidai linauza alizeti kwa bei ya salad, usibishane. Mimina kidogo kwenye glasi, weka kwenye friji usiku kucha. Alizeti iliyosafishwa hubaki angavu. Oleini ya mawese hufanya ukungu au kuganda. Kipimo hiki hakikupi asilimia, ila kinafichua mchanganyiko mkubwa.

Tangazo la “haina kolesteroli” lililobandikwa kwenye mashine ni kweli na halina maana, kwani mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kuhesabika. Ini lako huitengeneza lenyewe, na mwili unaihitaji kwenye utando wa seli, kwenye nyongo na kwenye homoni. Kinachopandisha kolesteroli mbaya ya damu ni hasa wingi wa asidi zilizoshiba, kwa sababu ini hupunguza kasi ya kuiondoa kwenye damu. Hapo ndipo alizeti inapoishinda salad. Tena linoleiki ni asidi ambayo mwili hauwezi kuitengeneza, lazima iliwe.

Kwa kukaanga, hata hivyo, oleini ni bora na tunaisema wazi. Kona chache kwenye asidi zake ni nafasi chache za oksijeni kushambulia, hivyo inavumilia moto wa chapati na mandazi kuliko alizeti. Kwa sukuma wiki, kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria ya watu watatu kinatosha kubeba karotini ya majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hadi kwenye damu. Kijiko hicho ni gramu 14, kama kalori 120, kwa hiyo cha pili na cha tatu si vya bure.

Kenya inalazimisha mafuta ya kula yaongezwe vitamini A, lakini mwanga huiharibu. Tangi la chuma lililofunikwa linailinda. Dumu angavu linaloachwa juani kwenye kibaraza linaipoteza. Kati ya maduka mawili yenye bei sawa, chagua lenye tangi la chuma, na omba kuona jerikani iliyojaza tangi: jina la mafuta, tarehe ya mwisho, alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Muuzaji asiyekuonyesha, mpite. Salad ya rangi ya chai, yenye harufu ya samaki au vibanzi, inayotoa povu jingi na moshi mapema, imeshakaangiwa kwingine: maji ya viazi yameng’oa asidi kutoka kwa gliseroli, na asidi hizo huru ndizo zinazoleta moshi.

Chupa yako nayo ioshe kwa sabuni na uianike mdomo chini mpaka ikauke kabisa. Usijazie salad mpya juu ya mabaki ya wiki iliyopita, maana mafuta yaliyoanza kuchacha huharakisha kuchacha kwa mapya.