Polishi, silanti na nta za gari: kipi kinunuliwe kwanza

Chupa yoyote inayoahidi kung'arisha gari, wengi wetu huiita polishi. Hapo ndipo pesa huanza kupotea, kwa sababu kwenye rafu ileile kuna chupa inayosaga rangi (polishi), chupa inayoifunika (silanti na nta), na chupa inayoficha makovu hadi mvua chache zipite. Ukinunua ya kufunika ilhali bodi imejaa mikwaruzo, mikwaruzo itabaki palepale chini ya mng'ao. Ukinunua ya kusaga ilhali rangi ilikuwa nzima, umepunguza kitu kisichorudi.

Kitu chenyewe ni tabaka angavu lililo juu ya rangi, ambalo mafundi huliita klia. Unene wake mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50, jembamba kuliko unywele wa kichwani. Gari likififia, mara nyingi si kwamba rangi imekufa. Klia imejaa mikwaruzo midogo ya vitambaa vichafu na vumbi, nayo inatawanya mwanga. Polishi haijazi mikwaruzo hiyo. Ina chembechembe za kusagia, aghalabu za oksidi ya alumini, zinazoshusha klia inayouzunguka mkwaruzo hadi ilingane na chini yake. Kila safari ya pedi inaondoka na kiasi kidogo, na akiba haiongezeki.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, osha gari vizuri, likaushe, kisha simama kwenye kivuli na uimulike boneti kwa tochi. Ukiona nyuzi za utando wa buibui zikizunguka mwanga, hapo kuna kazi ya polishi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo mrefu: ukikwama, mkwaruzo umezama mno, na polishi itaulainisha tu bila kuuondoa. Halafu vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upapase paa. Ukihisi punje kama mchanga, uchafu umejishika kwenye klia, nawe unahitaji udongo wa kusafishia rangi, ule unaofinyangwa na kuburutwa juu ya maji ya sabuni. Watu huuruka udongo huo kwa sababu hauna mng'ao wa kuonyesha, lakini bila huo polishi itazisaga punje hizo na kuzizungusha kwenye rangi.

Polishi: anza na ile laini

Katika polishi, naiweka ya kwanza ile laini ya kumalizia, hata kwa mtu ambaye gari lake limechakaa. Meguiar's M205, Menzerna 3800 na Sonax Perfect Finish ziko kundi hili. Ukiwa na pedi ya sponji na mashine inayotikisika huku ikizunguka, polishi ya namna hii hurudisha kina cha rangi kwenye gari lililotunzwa wastani, na ni vigumu kuharibu kitu nayo. Jaribu kwanza eneo dogo, kama sentimita 40 kwa 40. Likitosheka, huna haja ya kitu kikali zaidi popote kwenye gari hilo. Klia za magari hutofautiana ugumu: kuna zinazokubali upesi, kuna zinazokataa katakata, na lebo ya chupa haiwezi kujua yako ni ipi.

Nafasi ya pili ni ya bidhaa za kazi mbili, zinazosafisha kidogo na kuacha kinga kwa mpako mmoja. Autoglym Super Resin Polish ni mfano mzuri, na inafanya kazi kwa mkono bila mashine. Haitaondoa mikwaruzo mizito, na kinga yake haidumu kama silanti kamili. Lakini kwa mtu mwenye saa mbili na gari moja la kila siku, ningemkabidhi chupa hii kabla ya seti yoyote ya chupa tano.

Kompaundi nzito, yaani polishi inayosaga kwa nguvu, kama Menzerna 400 au Meguiar's M105, naiweka ya mwisho. Si mbaya, ni dawa ya mgonjwa mahututi: alama za msasa, klia iliyopauka vibaya, mikwaruzo ya miaka. Tena baada yake lazima upitishe polishi laini, maana yenyewe huacha ukungu unaoonekana sana kwenye gari jeusi. Niliwahi kuushika ukingo wa buti kwa kompaundi kali na mashine ya mzunguko mmoja, na kabla sijahesabu kumi klia ilikuwa imeisha. Paneli nzima ilipakwa upya. Tangu siku ile kingo zote nazifunika kwa utepe wa karatasi, na kompaundi siitoi kabatini bila sababu.

Jihadhari pia na bidhaa za kung'arisha zenye vijazio. Vijazio ni mafuta na unga laini vinavyokaa ndani ya mikwaruzo na kuificha. Kwa gari linalopelekwa kwenye maonyesho kesho asubuhi, sawa. Kwa gari lako, utakapoliosha siku chache baadaye, utaona yale yale. Ndiyo maana baada ya kupiga polishi, paneli hufutwa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji: mafuta yote yanaondoka, na unaona ukweli wa kazi yako. Kinga nayo inapata mahali safi pa kushika.

Kinga: silanti mbele, nta nyuma

Hapa ubishi huwa mkali. Mimi naitanguliza silanti mbele ya nta, kwa sababu moja: gari la kawaida linalala nje, linaoshwa kwa haraka na linachomwa na jua. Silanti hutengenezwa kiwandani kwa polima zinazojishika kwenye klia na kustahimili joto na sabuni kwa miezi kadhaa. Nta ya asili hupendeza, lakini huchoka mapema.

Kama ni kununua moja tu, chukua silanti ya kupuliza yenye silika, ile dutu ya mchanga na kioo. Turtle Wax Hybrid Solutions Ceramic Spray Coating hupulizwa kidogo kwenye paneli, ikasambazwa kwa kitambaa na kufutwa kwa kingine kikavu. Meguiar's Hybrid Ceramic Wax hupulizwa gari likiwa bado lina maji, kisha husukumwa kwa maji ya mpira. Urahisi huu ndio unaonifanya nizitangulize, kwa kuwa kinga inayorudiwa kila baada ya wiki kadhaa huishinda kinga bora iliyopakwa mara moja ikasahaulika. Kosa la wengi ni kupuliza nyingi. Matokeo yake ni michirizi isiyofutika kirahisi.

Ya pili ni silanti ya krimu, kama Menzerna Power Lock. Mng'ao wake ni mkali kama kioo, jambo linalozipendeza hasa gari nyeupe na za fedha. Inadai maandalizi: rangi safi, isiyo na mafuta, na muda wa kujishika kabla haijanyeshewa. Hapa kiasi ni muhimu mno. Gari zima la ukubwa wa kawaida linahitaji kama mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa. Ukimaliza na bado unaona utando mzito mweupe, umepaka mara tatu ya kilichohitajika, na ziada yote inakwenda kwenye kitambaa. Kwa hiyo chupa ndogo inatosha mwaka na zaidi. Usishawishiwe na galoni.

Ya tatu naigawia bidhaa mbili ambazo majina yake yanachanganya. Soft99 Fusso Coat ya Japani hukaa kwenye kopo la nta na kupakwa kama nta, lakini nguvu yake ni ya polima. Ina aina ya magari meusi na ya magari meupe, na jina lake linaahidi miezi 12. Mimi ningepanga kuirudia mapema zaidi. Collinite 845 nayo ni nta ya kimiminika inayochanganya karnauba, nta ya asili ya mmea, na polima. Imara kweli, bei yake kwa kila gari ni ndogo, ila kwenye baridi huganda ndani ya chupa. Iweke kwenye maji ya vuguvugu na uitikise kwanza. Zote mbili ukizipaka nene na kuzichelewesha, utafuta mpaka mabega yaume.

Nta safi ya karnauba nimeiweka ya nne, na nasema hivyo nikiwa na kopo lake kabatini. Karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Huyeyuka karibu nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, wakati nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64 hivi. Lakini ndani ya kopo imechanganywa na mafuta na viyeyusho, kwa hiyo ugumu wote huo haufiki kwenye boneti. Ukiona lebo imeandika karnauba asilimia 100, elewa kwamba karnauba tupu ni ngumu kama tofali na haipakiki. Kinachosemwa ni sehemu ya nta tu, si kopo zima. Inunue kwa ajili ya jicho. Kwenye gari jekundu au jeusi, hasa la zamani lisilo na klia, huipa rangi ujoto na kina ambacho sijakiona kwenye silanti. Unaweza kuipaka juu ya silanti. Kinyume chake hakifai, kwa kuwa silanti haitashika juu ya nta.

Seramiki halisi, kinga ngumu inayoganda juu ya klia, ile ya vichupa vidogo vya kioo, sijaipanga kabisa. Ukikosea, huiondoi kwa kuosha; unaiondoa kwa polishi. Ifikirie baada ya kuzimudu hizi nyingine.

Matone yanayosimama wima baada ya mvua yasikudanganye sana. Yanaonyesha kwamba uso unasukuma maji, lakini uchafu unaweza kuyalaza ingali kinga ipo. Osha vizuri kwanza, ndipo uamue kupaka tena. Na kinyesi cha ndege kiondoe mapema hata kama umepaka jana. Kinga inakununulia saa, haikununulii juma zima.

Kama rangi ya gari lako ni ile isiyong'aa, usinunue chochote hapa: polishi itaiachia mabaka yanayong'aa yasiyotoka. Kama limepakwa rangi upya, muulize fundi siku ngapi ipumue kabla ya kufunikwa. Na kama bado lina paneli za kupakwa, weka mbali bidhaa zenye silikoni, maana chembe zake kwenye chuma hufanya rangi mpya ijikunje na kuacha vitobo ambavyo mafundi huvifananisha na macho ya samaki.

Bajeti inayobaki iende kwenye vitambaa vya maikrofaiba, visivyopungua sita, na pedi mbili za sponji kwa kila polishi. Kata lebo za kitambaa kabla ya kukitumia; ukingo wake mgumu unakwaruza. Kikidondoka chini, hata kwa sekunde moja, hakirudi kwenye rangi kabla hakijafuliwa.