TAHADHARI: Saidi stepu za "stenlesi" zinazooza kuanzia kwenye breketi

Wadau wenye magari ya kupita njia mbovu, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu yeyote anayeuza saidi stepu, vile vikanyagio vya kufunga ubavuni mwa gari. Kuna wauzaji wanaotangaza "stenlesi halisi, haishiki kutu, dhamana ya maisha", halafu kinachokufikia ni bomba linalong'aa lililoshikiliwa na breketi za chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyeusi. Mimi nimeuziwa seti ya namna hiyo. Muuzaji simtaji, maana mchezo huu hauchezwi na mtu mmoja. Ukimkwepa yeye, utaangukia kwa mwenzake anayetumia picha zilezile.

Ukisimama kando ya gari langu huoni kasoro. Bomba linang'aa, mipira ya kukanyagia ipo sawa. Ingia uvunguni sasa. Breketi ya kati, inayobeba mzigo mkubwa mtu anapokanyaga kuingia ndani, rangi yake ilikuwa imeota malengelenge kuzunguka mshono wa kuchomelea. Nikabonyeza moja kwa ncha ya bisibisi, likapasuka, yakatoka maji ya rangi ya kahawia. Nilipolikwangua, rangi ikabanduka pande zima, na mgongoni mwake ilikuwa imeshikilia gamba jeusi, lile ambalo chuma hutoka nalo kiwandani kikishapondwa kikiwa cha moto. Kwa kifupi, breketi haikusafishwa hata kidogo kabla ya kupakwa. Rangi iligandia gamba, na gamba lenyewe lilikuwa linasubiri kudondoka.

Hapa ndipo penye wizi wenyewe, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu. Rangi nyingi za breketi hizi ni za unga: unga unapuliziwa ukiwa na chaji ya umeme ili unate kwenye chuma, kisha kipande kinaingizwa kwenye oveni ya joto la karibu nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, unga unayeyuka na kuwa ngozi ngumu. Kazi ikifanywa vizuri ni rangi imara sana. Kuifanya vizuri maana yake chuma kipigwe mchanga au kioshwe kwa kemikali mpaka kibaki kitupu, kipate praima, yaani rangi ya msingi, yenye zinki, ndipo unga ufuate. Fundi wa bei ya chini anaruka hatua mbili za mwanzo, kwa sababu mteja hawezi kuziona. Halafu kuna tatizo jingine ambalo hata fundi mzuri anapambana nalo: unga wenye chaji haupendi kuingia kwenye kona za ndani. Unarundikana kwenye kingo za nje na kuacha kona na ngozi nyembamba. Na kona ya ndani ya breketi ni ipi? Ni pale hasa ilipochomelewa, panapokaa matope, panaporushiwa mawe na tairi la mbele.

Ngozi hiyo kwa kawaida ina unene wa kama mikroni 60 hadi 100, yaani hata milimita moja haifiki. Jiwe moja linatosha kuitoboa. Maji yakishapita hapo, hayabaki kwenye tundu. Yanatambaa chini ya rangi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inainua rangi, nafasi inaongezeka, maji mengine yanaingia. Ndiyo maana unaona doa dogo kama ukucha, ukikwangua unakuta eneo la kiganja. Chuma kilichochovywa kwenye zinki ya kuyeyuka hakifi hivyo, kwa sababu ukikikwaruza, zinki iliyo pembeni inaanza kuliwa yenyewe kabla ya chuma. Muuliza bei hajui tofauti hiyo, muuzaji anaijua vizuri.

Tuje kwenye hilo bomba la stenlesi. Stenlesi si kitu kimoja. Daraja la 304, ambalo kila mtu anadai anauza, lina kromu karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Kuna daraja la 201, ambalo nikeli yake imepunguzwa mpaka karibu nusu na pengo limezibwa kwa manganizi, kwa sababu nikeli ni ghali. Siku ya kununua yanang'aa sawasawa na hakuna jicho la mtu litakalozitofautisha. Baada ya kukaa kwenye chumvi, tope na unyevu, 201 inatangulia mapema sana kutoa madoa ya kahawia.

Wauzaji wanapenda sana kukuonyesha video ya sumaku. Sumaku inateleza, haishiki, "mnaona wenyewe, orijino". Video hiyo haithibitishi wanachodai. 201 nayo kwa kawaida haishikwi na sumaku. Kwa upande mwingine, 304 halali ikishakunjwa au kuchomelewa inaweza kuvutwa kidogo kwenye kona, na kuna stenlesi za madaraja mengine, kama 430, zinazoshikwa na sumaku ingawa ni stenlesi kweli. Sumaku inamkamata tapeli wa daraja la chini kabisa tu, yule aliyepaka kromu juu ya chuma cha kawaida. Ukitaka uhakika, kuna vifaa vya mkononi vya mionzi ya eksirei vinavyosoma chuma kina nini ndani, na wanunuzi wakubwa wa skrepa huwa navyo. Kuna pia matone ya kemikali ya kupima manganizi, ambayo yanaitenga 201 na 304 kwa kubadilika rangi. Muuzaji aliyekataa kipimo cha tone moja sehemu isiyoonekana ameshakujibu.

Hata 304 yenyewe msiiabudu. Karibu na bahari inaweza kutoa madoa. Huko daraja la 316, lenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, ndilo linalostahimili zaidi. Na mshono wowote wa stenlesi ulioachwa na ile rangi ya bluu na dhahabu ya moto bila kusafishwa utaanza kutu kabla ya sehemu nyingine. Ukiona mshono umebaki na rangi hizo, au umepakwa rangi ya fedha kuzificha, jua kazi imelipuliwa.

Ndani ya bomba ndiko kusikoangaliwa na mtu. Kofia za plastiki za mwisho hazizibi maji, zinaziba macho. Maji yanaingia kupitia matundu ya bolti na ya klipu za mipira, na kama bomba halina tundu la kutolea maji upande wa chini, yanabaki humo pamoja na tope. Bomba la chuma cha kawaida linaliwa kutoka ndani huku nje rangi inameta, mpaka siku mguu wa mtu unapozama. Ng'oa kofia moja, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona chuma kikavu chekundu chekundu ambacho hakijawahi kuguswa na rangi, na seti bado ni mpya, irudishe palepale.

Alumini haishiki kutu nyekundu, ni kweli, lakini inapogusana na bolti za chuma au za stenlesi kwenye maji ya chumvi inaanza kuliwa yenyewe na kutoa unga mweupe. Inahitaji washa za plastiki au mpira katikati. Na breketi zake mara nyingi ni chuma kilekile tulichokizungumza.

Sasa jambo linaloniuma kuliko pesa. Seti za kuigiza mara nyingi matundu yake hayalingani na ya gari. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya gari husika hutumia matundu yaliyopo tayari kwenye chesesi au chini ya bodi. Fundi anayetumwa na muuzaji akiona hayalingani, anatoa drili. "Tunatoboa kidogo tu, bosi." Usikubali. Tundu lililotobolewa linaacha chuma kitupu pembezoni na vumbi la chuma ndani ya boksi la bodi, ule uwazi uliofungwa chini ya milango, na vumbi hilo linaanza kutu kabla ya kitu kingine chochote. Kikanyagio kikioza unakitupa. Kizingiti cha mlango kikioza, hapo umeharibiwa gari. Kama tundu limeshatobolewa, safisha kingo, paka praima yenye zinki, halafu pulizia nta ya kuzuia kutu kwa ndani, siyo nje tu.

Nilipodai dhamana, majibu yalikuja kwa mpangilio ambao nimeshausikia kwa wengine pia, karibu neno kwa neno. Kwanza, tuma picha. Nikatuma. Kisha, "hiyo ni kutu ya juu juu, dhamana yetu ni ya kuvunjika". Nikauliza breketi inayokwanguka kwa bisibisi itavunjika lini ili nirudi. Kisha, gari limepitishwa kwenye matope, kwa hiyo dhamana imekufa. Tangazo lao wenyewe lina picha ya gari lililozama tope hadi kwenye vitasa! Kisha, sawa, rudisha mzigo kwa gharama zako, nao ni jozi ya vyuma virefu ambavyo usafirishaji wake unakula sehemu kubwa ya pesa unayodai. Baada ya hapo, kimya, na namba imefungiwa.

Na hiyo "dhamana ya maisha" isome vizuri. Mara nyingi inahusu bomba kupasuka kwenye mshono, huku rangi na kutu zikiwekwa kwenye mstari wa chini kama vitu visivyohusika. Wengine wanajigamba kwa saa za kipimo cha mvuke wa chumvi. Kipimo hicho kipo kweli, kiwango cha ISO 9227, ambapo kipande kinakaa kwenye ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5 kwa nyuzi 35. Kazi yake ni kulinganisha ubora wa rangi kiwandani, hakiwezi kugeuzwa kuwa idadi ya miaka barabarani. Tena kipande kinachopimwa huwa ni kibati bapa kisicho na kona wala mshono. Mwombe ripoti inayotaja breketi, uone.

Ukiamua kununua, usilipe kabla ya kupata picha au video ya mgongo wa breketi, ndani ya bomba, na bolti zote zikiwa zimemwagwa mezani. Kwenye risiti yaandikwe maneno haya: daraja la chuma cha bomba, chuma cha breketi na namna kilivyokingwa, na kwamba dhamana inajumuisha kutu. "Stenlesi" peke yake kwenye risiti haina maana, kwa sababu atasema bomba ni stenlesi na hatakuwa amedanganya. Fungua boksi mbele ya aliyeleta. Piga picha kila kipande kabla fundi hajakigusa, kwani kikishafungwa watasema umekikwaruza wewe.

Kwa waliokwisha kufunga: wiki hii ingia uvunguni. Gonga bomba kwa mpini wa bisibisi kuanzia mwanzo hadi mwisho, usikilize sauti inapobadilika kuwa nzito. Ukikuta breketi ina malengelenge lakini chuma bado kinene, fungua seti yote, ikapigwe mchanga, ipakwe praima ya zinki na rangi, na toboa tundu dogo la maji upande wa chini wa bomba. Kupulizia rangi nyeusi juu ya kutu ni kuificha mpaka uje kuiuza kwa mwingine, na hilo nalo ni utapeli. Breketi iliyokwisha kuwa nyembamba usiichomelee kiraka, itoe. Mtoto au mzee anayeparamia gari anaweka uzito wake wote pale kwa mguu mmoja. Na hata iwe nzima kiasi gani, usiweke jeki chini ya bomba la kukanyagia, halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Badilisha na bolti pia. Zile zinazokuja na seti za aina hii zina mpako mwembamba wa zinki unaoisha haraka, na zikishashika kutu utazikata kwa grainda karibu na mabomba ya breki na nyaya. Paka grisi kwenye nyuzi kabla ya kufunga, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu.